Mlezi wa Mshubiri

Ukitaka kumjua mlezi stadi wa mimea pale Nchelenge, nchini Zambia, mtazame mshubiri wake mwezi wa Agosti. Mvua zimekatika tangu Aprili, upepo wa kusini-mashariki unavuma juu ya Ziwa Mweru, na majani manene yaliyojipanga duara yameiva rangi ya shaba, ncha zake nyekundu kama tofali. Rangi hiyo haikuletwa na mbolea. Jua kali likikutana na kiu, jani hujitengenezea rangi ya kujikinga na mwanga uliozidi. Uhamishie mmea kivulini, uumwagilie kila siku, na baada ya wiki kadhaa utakuwa umerudi kijani, majani yamerefuka na kulegea. Kwa hiyo nasema uzuri wa mshubiri ni kazi ya mtu anayejua kujizuia, na kujizuia huko ni kugumu kuliko kumwagilia.

Atasema mtu kwamba kutomwagilia si kazi, ni uvivu uliopambwa jina. Hoja hiyo ingesimama kama Nchelenge ingekuwa jangwa. Lakini Luapula, mkoa uliko mji huo, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili, na mshubiri huuawa na maji upesi kuliko kiu: mizizi huoza chini kwa chini huku majani yakionekana mazima, mpaka siku unapong'oka mkononi. Mlezi hujiandaa tangu Oktoba. Huchanganya udongo na mchanga wa chengachenga na changarawe, hutoboa kopo chini, hulisogeza upenuni, upande usiopigwa na mvua. Anajua pia kwamba mmea huu huvuta hewa usiku, kukiwa na ubaridi, na kuvifunga vinyweleo vyake mchana. Ndiyo maana huweza kukaa wiki nyingi bila tone. Mvivu hayajui haya, na Februari humuumbua.

Wako wanaouliza faida yake mahali ambapo ardhi inadaiwa na muhogo. Mshubiri haudai shamba. Kopo moja mlangoni linautosha. Spishi nyingi huchanua wakati wa kiangazi cha baridi, maua mengine yakiwa haba, na chozi huja kunywa asali yake. Tena, anayeishi kwa samaki na muhogo ana haki ya kitu kizuri mlangoni mwake.

Pingamizi ninalolikubali ni moja: kuing'oa mishubiri porini. Jamii yote ya mshubiri, isipokuwa ule wa dawa uitwao Aloe vera, imo katika orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, na Mweru ni mpaka; kuvusha mche hadi Kilwa ya Kongo kunahitaji kibali. Stadi hana haja ya pori. Hukata chipukizi kwa kisu safi, huliacha kivulini siku chache hadi jeraha likauke, hulipanda katika udongo mkavu, na husubiri kama wiki moja kabla ya maji ya kwanza. Basi omba chipukizi kwa jirani, na ule wa porini uuache uzae mbegu.