Kifimbo cha Mpingo

Watanzania hatuhitaji kufundishwa kwamba kijiti kinaweza kuwa na nguvu. Mwalimu Nyerere alitembea na kifimbo chake miaka mingi, na mitaani watu walisimuliana kuwa ndani yake mna jambo. Basi ninaposoma hadithi za Ulaya zenye vifimbo vya kichawi, kila mti na tabia yake, hujiuliza: cha mpingo kingekuwaje?

Porini mti huu haumshtui mtu. Huko Kilwa au Liwale unaweza kuupita usiujue: si mrefu, shina limejipinda, matawi yana miiba, gome ni la kijivu. Hukua polepole mno. Hadi ufae kuvunwa, mara nyingi miaka 70 au zaidi imekwisha kupita. Utajiri wake umo ndani. Mchongaji akianza kupiga tezo, vinaruka vibanzi vyeupe vyenye umanjano. Kisha tezo inafika kwenye kiini, mlio unabadilika, unakuwa mkali kama wa chuma, na vinavyoanguka sasa ni vyeusi, ukivitazama juani vina zambarau kwa mbali.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mpingo hula makali. Fundi huchonga kidogo, hunoa patasi, huchonga tena. Mkono ukiteleza, kovu litabaki, labda abuni umbo jingine litakalolimeza. Wamakonde, ambao wengi wao walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wamechonga katika gogo moja ukoo mzima uliobebana, babu chini, wajukuu juu, bila gundi wala kiungo; mtindo huo tunauita ujamaa. Penye tundu, wao huona mdomo. Mimi nawastahi kuliko mchawi yeyote wa vitabuni.

Mafundi wa Ulaya nao huutafuta mpingo kwa ajili ya klarineti na oboi. Ni mti mzito, una mafuta yake ya asili, na unyevu wa pumzi hauuvimbishi upesi. Tabia ya kifimbo chetu naiona hapo: kingepokea neno jinsi lilivyotamkwa, kisiongeze wala kupunguza. Kijana mwenye papara angepata alichosema, si alichokusudia. Kwa mazingaombwe ya harusini kisingefaa kitu. Lakini kwa kiapo, kwa kupatanisha ndugu waliogombania shamba, kwa mganga anayepima kila neno kabla ya kulitoa, sioni mti wa kuushinda.

Bandia zingekuwepo, bila shaka. Wapo wanaopaka mti mwingine dawa nyeusi ya viatu na kumuuzia mgeni kwa bei ya mpingo. Dawa yao ni ndoo ya maji: kiini cha mpingo huzama.

Changu ningemwagiza fundi wa Mwenge anichongee kutoka kwenye kipande kilichobaki kazini, maana kuangusha mti wa umri ule kwa ajili ya kijiti ni dhambi. Nakshi sitaki. Aache ukanda mwembamba wa weupe kwenye mshiko, akisugue kwa msasa hadi king'ae chenyewe bila rangi, na siku ya kwenda kukichukua aipange yeye.