Mpopi, Afyuni na Mofini: Msamiati Unaotangulia Upembuzi

Miongoni mwa istilahi zilizofaulu katika lugha yetu ya kiserikali, "upembuzi yakinifu" ina heshima yake. Imetolewa ungoni: kupembua ni kutenga punje na makapi, na yakini ni hali ya kutobakiza shaka. Katika makala haya tunanuia kuirudisha kazini kwa swali moja: je, mpopi waweza kulimwa mkoani Tanga kwa ajili ya kutengenezea dawa za hospitali? Tunachokosoa si kilimo chenyewe, bali ni msamiati ambao mtumishi wa serikali angeutumia kuandikia ripoti yake. Kwa jinsi msamiati huo ulivyo sasa, ripoti ingepotoka kabla mbegu hazijafika shambani.

Kulima dawa si jambo geni kwa Tanga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, na miongoni mwa miti waliyoipanda ni sinkona, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini na gome lake hutoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia za bahari, gome la Amani lilitengenezewa dawa ya malaria kwa askari wao. Yafaa ikumbukwe jinsi majina yalivyokaa sawasawa hapo: mti ni sinkona, gome ni gome, dawa ni kwinini. Hakuna aliyeuita mti kwa jina la kosa.

Mpopi haukupata bahati hiyo. Jina lenyewe "mpopi" halina mizizi mirefu kwetu. Lililotangulia ni "afyuni", na sambamba nalo "kasumba". Afyuni tumelipata kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa Wayunani, ambao kwao maana yake ilikuwa utomvu tu. Kasumba linafanana na neno la Kigujarati la afyuni iliyoyeyushwa majini. Baada ya Uhuru kasumba lilihamia katika siasa, tukaanza kusema "kasumba ya kikoloni", na leo mwanafunzi wa sekondari akilisikia hafikirii mmea wala ulevi. Anafikiria fikra zilizopandikizwa. Uhamisho huo ulikuwa mzuri, nasi hatuulaumu. Lakini mfasiri anayeandika "kilimo cha kasumba" katika waraka wa leo anamchekesha msomaji bila kukusudia, na anayeandika "kilimo cha afyuni" anakosea zaidi, maana afyuni hailimwi. Hulimwa mpopi, afyuni ni utomvu wake.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaitaka nchi inayoruhusu mpopi kulimwa kwa ajili ya afyuni iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni na kutaja maeneo ya kilimo, kisha kununua na kuchukua mavuno yote katika muda usiozidi miezi 4 baada ya msimu kwisha. India hufuata njia hiyo. Lakini mpopi unaovunwa mkavu bila kutolewa utomvu, kama wafanyavyo Tasmania, na kama Uturuki ilivyoamua kufanya iliporudia kilimo hicho mwaka 1974, umewekewa masharti ya namna nyingine. Mkataba unaueleza mpopi wa namna hii kuwa sehemu zote za mmea, isipokuwa mbegu, baada ya kukatwa. Mfasiri akiita sehemu hizo "mabua" atakuwa amefuata neno na kuacha maana, kwani bua ni shina la mtama au mahindi, ilhali sehemu kubwa ya mofini imo katika kichwa kinachobeba mbegu. Tunapendekeza "mpopi mkavu", kwa urahisi tu.

Kuhusu utoaji wa utomvu, wengi hukimbilia "kuchanja". Neno hili limeelemewa: twachanja kuni, twachanja watoto dhidi ya surua, na mganga naye huchanja chale. Pwani tunalo neno lililo timamu zaidi, nalo ni "kugema". Mgema hupanda mnazi na kotama yake, hukata, hungoja, kisha hurudi kukusanya. Hivyo ndivyo afanyavyo mkulima wa mpopi: hukwaruza kichwa kibichi jioni, na asubuhi hukusanya utomvu uliogandamana. Kuchanja kunataja jeraha peke yake, kugema kunataja na mavuno. Tunashangaa kwamba neno linalotumika kila siku Pangani na Mkinga halikuwajia watu wa maofisini.

Mambo ya udongo na hewa tutayapitia kwa haraka. Mpopi hupenda ubaridi, na wakati wa kugema huhitaji ukavu. Tambarare ya pwani ina joto na unyevu, na Amani yenye ubaridi ina mvua nyingi. Waliowahi kujaribu jambo hili jirani nasi ni Wareno huko Mopeia, kwenye mto Zambezi, miaka ya 1870, kwa ajili ya soko la Asia, si la hospitali. Shamba lao lilishambuliwa katika maasi ya mwaka 1884. Zaidi ya hayo, mpopi unaolimwa duniani kwa leseni unatosha mahitaji ya viwanda vya dawa. Upungufu upo katika kumfikia mgonjwa.

Hapa ndipo msamiati unapouma. Huko Muheza, katika Hospitali Teule, kumekuwa na huduma ya tiba shufaa kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, na dawa yao kuu ya maumivu makali ni mofini ya kunywa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, huitengeneza mofini hiyo kwa unga unaoagizwa kutoka nje. Kwa sheria ya mwaka 2015 mofini imo katika "dawa za kulevya", jina lile lile la heroini inayopitishwa katika bandari bubu za mwambao huu. Tulibishana kwa muda mrefu kama iwe "dawa" au "madawa", tukashinda katika kiambishi, tukaacha maana bila kuiguswa. Ndugu wa mgonjwa anayeambiwa kwamba mama yake atapewa dawa ya kulevya ana haki ya kushtuka. Muuguzi naye huiogopa funguo ya kabati. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hatuwezi tena kusema kwamba maana halisi imo katika matini ya Kiingereza.

Tunalopendekeza ni kwamba "dawa za kulevya" libaki kwa matumizi haramu, na orodha za hospitali zitumie "dawa za maumivu makali zinazodhibitiwa". Ni jina refu, na wanasheria watalilalamikia. Mpopi uwe jina la mmea, afyuni la utomvu wake, mofini na kodeini ya dawa zitokanazo nao. Kasumba tuwaachie wanasiasa. Nayo ripoti ya upembuzi kuhusu Usambara, ikiandikwa kwa maneno hayo, tunakisia haitazidi kurasa mbili, na jibu lake litakuwa hapana.