Tafsiri Bila Basil: Futuhi za Waingereza katika Runinga ya Marekani

Mwaka 2011, nikiwa bado mgeni katika kazi ya uhadhiri, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea zoezi la tafsiri ambalo sijalisahau hadi leo. Nilikuwa nimeliambia darasa lichague matini yoyote ya kuigizwa na kuifasiri kwa Kiswahili. Yeye alichagua sehemu ya kwanza ya Fawlty Towers, futuhi ya BBC iliyoanza kurushwa mwaka 1975. Wanaoifahamu watakikumbuka kisa chenyewe. Basil Fawlty, mwenye hoteli ndogo mjini Torquay, amechoshwa na wageni wa kawaida na anatamani watu wa tabaka la juu. Anatokea bwana mmoja anayejiita Lord Melbury. Basil anamnyenyekea na kumwamini kwa fedha, huku akimbeza mgeni mwingine kwa sababu ya lafudhi yake ya mitaa ya makabwela wa London. Mwishowe yule wa lafudhi duni anabainika kuwa askari kanzu, na yule lodi ni tapeli ambaye begi lake la vitu vya thamani limejaa matofali.

Mwanafunzi wangu aliihamisha hoteli hiyo hadi Jinja. Lodi akawa Mheshimiwa, mbunge wa bandia. Askari kanzu akapewa Kiswahili cha stendi ya teksi, kinachopinda ngeli zote. Nilimpa alama 41 na kuandika kwa wino mwekundu: "Hii si tafsiri. Umetunga hadithi yako."

Nimelikumbuka zoezi hilo kwa sababu muhula huu nimekuwa nikitazama, pamoja na wanafunzi wa shahada ya pili, futuhi za Waingereza zilizotengenezwa upya kwa ajili ya Wamarekani. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linahusu nini idara ya Kiswahili. Linahusu sana. Waingereza na Wamarekani wanazungumza lugha moja, au tuseme wanaelewana bila mkalimani. Maneno hayahitaji kufasiriwa, na bado watayarishaji wa Marekani wamekuwa wakinunua haki za futuhi hizo na kuzitengeneza upya tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo hapa tunaona kazi ya mfasiri ikiwa uchi: maneno yakishaondolewa katika hesabu, ni kitu gani kinachobaki cha kufasiri?

Tuanze na walioshindwa. Fawlty Towers yenyewe ilijaribiwa Marekani mara tatu. Mwaka 1978 lilitengenezwa igizo la majaribio lililoitwa Snavely, likaishia hapo. Mwaka 1983 kituo cha ABC kilirusha Amanda's, akiigiza Bea Arthur. Mwaka 1999 CBS ikaja na Payne, akiigiza John Larroquette. Hakuna hata moja iliyodumu. John Cleese, aliyeandika futuhi ya asili pamoja na Connie Booth na kumwigiza Basil, amekuwa akisimulia kwamba watayarishaji wa Amanda's walimweleza kuwa wamefanya badiliko moja tu: wamemwondoa Basil. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini tulitazame badiliko lenyewe kwa utulivu. Bea Arthur alikuwa mwigizaji hodari, na mwanamke anaweza kuwa mkali na mwenye maringo sawasawa na mwanamume. Tatizo halikuwa jinsia. Basil anachekesha kwa sababu amebanwa pande mbili: chini ya mke anayemwogopa, na chini ya tabaka analolitamani na ambalo halitampokea kamwe. Amanda ni mjane anayeendesha hoteli yake mwenyewe. Anaweza kumkaripia mtumishi apendavyo, lakini huo ni ukali usio na hofu nyuma yake, na mkali asiyemwogopa mtu yeyote hachekeshi. Anaudhi tu.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Coupling, futuhi ya Steven Moffat kuhusu marafiki sita na mapenzi yao, ilirushwa na BBC kuanzia mwaka 2000. NBC iliichukua mwaka 2003 ikitumia miswada ya awali karibu neno kwa neno, na baada ya sehemu nne ikaondolewa hewani. Sehemu ya BBC huchukua takribani nusu saa bila matangazo ya biashara. Ya Marekani haina budi kutosha katika dakika ishirini na kidogo. Kwa hiyo maneno yalibaki yale yale huku vituo vya kimya vilivyoyafanya yachekeshe vikikatwa. Kila mwalimu aliyewahi kusahihisha tafsiri ya sisisi anaujua ugonjwa huu. Kila neno lipo mahali pake na sentensi imekufa.

Lakini waliofaulu ndio wanaotupa kazi ya kufikiri. Mwaka 1966 BBC ilianza mfululizo wa Till Death Us Do Part, ulioandikwa na Johnny Speight. Mhusika wake mkuu, Alf Garnett, ni mfanyakazi wa mashariki ya London, mbaguzi, mpenda ufalme, na maskini anayekipigia kura chama cha matajiri. Utata huo wa mwisho ndio moyo wa kejeli yote. Alf anawatetea watu ambao wasingemkaribisha hata jikoni kwao. Norman Lear alipolichukua wazo hilo kwenda Marekani alikabiliwa na tatizo ambalo kamusi haliwezi kulitatua. Marekani haina malkia wa kusujudiwa, na Mmarekani maskini hukataa kujiona maskini. Hujiita mtu wa kawaida. Tabaka, kama linavyoeleweka Uingereza, halivuki bahari.

Lear alifanya nini? Alitafuta jeraha la kwao. Archie Bunker wa All in the Family, aliyeigizwa na Carroll O'Connor, anaishi Queens, New York. Hofu yake kubwa ni kwamba nchi aliyoizoea inabadilika mbele ya macho yake: familia ya Wamarekani weusi inahamia nyumba ya jirani, na mkwewe ni msomi kijana anayepinga vita vya Vietnam na kula chakula cha mezani kwake. Lear alieleza mara nyingi kwamba mengi ya Archie aliyachota kwa baba yake mzazi. ABC iliyakataa maigizo mawili ya majaribio. CBS ikaanza kuirusha Januari 1971, na kwa misimu mitano mfululizo ikawa ndiyo futuhi, na ndicho kipindi, kilichotazamwa kuliko vyote Marekani. Kinyongo cha tabaka kimegeuzwa kuwa kinyongo cha rangi na cha rika. Ukilinganisha miswada miwili mstari kwa mstari utasema Lear amepotosha. Ukiuliza hadhira ilikuwa ikicheka nini, na ikijificha nini ndani ya kicheko hicho, utaona kwamba ni mfasiri mwaminifu kuliko wale wa Coupling.

Aidha, alifasiri hata hatari ya matini chanzi. Speight alilalamika kwamba watazamaji wengi walimshangilia Alf badala ya kumcheka. Marekani mambo yakawa vivyo hivyo. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba watazamaji wenye ubaguzi zaidi ndio walioelekea kumhusudu Archie na kuona kwamba yeye ndiye anayeshinda mabishano. Hapa sina jibu la kuwatuliza wenzangu wanaofundisha fasihi ya kejeli. Sindano ilipita ngozini kwa walengwa wenyewe, nao wakadhani wamekunwa.

Steptoe and Son ya Ray Galton na Alan Simpson ilianza mwaka 1962, baba na mwana wakiokota na kununua takataka mitaani London kwa gari la farasi. Harold, yule mwana, amejaa ndoto za usomi na ustaarabu, na mzee Albert hamwachi aende. Katika igizo la kwanza kabisa Harold anapakia vitu vyake juu ya mkokoteni ili aondoke. Baba anamnyima farasi. Anajaribu kuuvuta mwenyewe, hausogei, naye anaangua kilio. Nimeionyesha darasani mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyecheka. Hivyo ndivyo futuhi ile ilivyojitambulisha kwa taifa!

Marekani, mwaka 1972, ikawa Sanford and Son, katika mtaa wa Watts, Los Angeles, mahali palipowaka moto wa maasi ya mwaka 1965. Baba na mwana sasa ni Wamarekani weusi. Redd Foxx, aliyemwigiza baba, jina lake la ukoo lilikuwa Sanford kweli, na alileta jukwaani miongo ya uchekeshaji wa vilabu vya weusi. Kila anapokaribia kushindwa katika ubishi anashika kifua, anamwita marehemu mkewe Elizabeth na kudai kwamba moyo unasimama. Ule mtego wa Albert upo, ila umegeuzwa mchezo ambao mtoto anaujua, na hadhira inaujua, na mzee mwenyewe anajua kwamba wanaujua. Kilio cha Harold hakipo. Nilipokuwa kijana ningesema Wamarekani wameogopa huzuni. Sasa nadhani walijua kwamba baba mweusi na mwana mweusi wanaomiliki kazi yao wenyewe, mbele ya hadhira ya taifa zima mwaka 1972, hawakuwa na deni la kulia.

Kuhusu The Office ndipo ninapogombana na wanafunzi wangu, kwa kuwa wengi wameiona ya Marekani tu na hawataki kusikia neno. Ya Uingereza, ya Ricky Gervais na Stephen Merchant, ina sehemu 14 pekee kati ya 2001 na 2003. Ya Marekani ina 201, kuanzia 2005 hadi 2013. Hesabu hiyo peke yake inaeleza mengi. David Brent, meneja wa kampuni ya karatasi mjini Slough, hajui kazi, hajui kwamba hajui, na mwishoni mwa msimu wa pili tunamwona akiwaomba wakubwa wake wasimwachishe kazi, na uso wa mtu mzima unabomoka mbele ya kamera. Huwezi kuishi na mtu huyo kwa miaka tisa. NBC ilianza kwa kunakili: igizo la kwanza la mwaka 2005 linakaribia kuwa lile lile la Slough, hata stepla iliyozamishwa ndani ya jeli, nalo lilipooza. Kuanzia msimu wa pili Greg Daniels na wenzake walibadili njia. Michael Scott anaonyeshwa akimpata mteja mkubwa mbele ya bosi wake aliyekwisha kukata tamaa, na ghafla tunaelewa: kumbe huyu ni muuzaji hodari aliyepandishwa cheo asichokiweza. Brent ni siri chungu ya mahali pa kazi pa Uingereza, ambapo mtu hubaki kwa sababu hakuna anayejishughulisha kumtoa. Hadhira ya Marekani ilihitaji sababu ya yeye kuwapo pale, nayo ikapewa.

Wanafunzi wananiambia ya Marekani ni bora kwa kuwa inafurahisha moyo. Mimi nasema kuna kitu kimepotea njiani, nacho ni ule uso ulioomba. Michael anaondoka mwaka 2011 akiaga watu wanaompenda. Ni kuondoka kuzuri, na nilitokwa na machozi, lakini ni machozi ya kitabu kingine.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Kwa Mwingereza lafudhi hutaja kwanza kazi ya baba. Kwetu hutaja kwanza kabila na eneo, na tabaka hujidhihirisha kwingine: katika Kiswahili au Kiingereza cha shuleni dhidi ya kile cha stendi, na zaidi ya yote katika vyeo. Hatuna malodi. Tuna Waheshimiwa, na tunajua jinsi mwenye hoteli anavyopangusa kiti anapoingia mmoja wao. Kijana yule aliligundua hilo bila mimi kumfundisha. Alimhifadhi Basil mzima, hofu na tamaa zake zote, akabadili tu kile ambacho Basil anakitamani. Kila mmoja wetu amewahi kuketi katika kibanda cha video hapa Uganda na kumsikiliza vijei akiigeuza sinema ya ng'ambo kuwa ya Kiganda papo hapo, wahusika wakipewa majina ya mitaa yetu. Tumecheka, kisha tumeingia darasani na kumnyima jina la mfasiri.

Mfano uliokamilisha aibu yangu ni wa karibuni. Ghosts ya BBC, ya mwaka 2019 hadi 2023, ina mzuka wa mbunge wa Conservative aliyekufa bila suruali kwa kashfa. CBS ilipoitengeneza upya mwaka 2021, mzuka asiye na suruali alibaki, ila sasa ni mtu wa fedha wa Wall Street. Mtu mwenye cheo anayefedheheshwa alitafutwa kwenye kiti anachokalia katika nchi ile. Kiongozi wa skauti aliyechomwa mshale shingoni hakuguswa, kwani skauti ni skauti popote.

Alama za chuo hazibadilishwi baada ya miaka yote hiyo. Nimemwandikia hata hivyo. Siku hizi yeye ni mwalimu wa sekondari. Alijibu kwa kifupi, kwa adabu zake zile zile: "Shikamoo Mwalimu. Nakala yangu niliitupa siku ile ile. Yako ipo?" Ipo, kabatini. Nimemchapia upya yote, na katika ukurasa wa pili nimekuta kosa la ngeli ambalo sikuliona wakati ule, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na Mheshimiwa.