Kidole cha Dereva wa Treni

Mgeni akifika Tokyo huambiwa akatazame maghorofa na maua ya cheri. Mimi namshauri apande behewa la kwanza la treni ya mjini, asimame nyuma ya kioo cha dereva. Atamwona mtu mwenye glavu nyeupe, yuko peke yake, akinyooshea kidole taa ya reli na kutamka kwa sauti kwamba njia ni salama. Kidole kinahamia kwenye ratiba, kisha kwenye saa. Kituo baada ya kituo, hata treni ya mwisho ikiwa karibu tupu. Kondakta naye huko nyuma hukagua jukwaa zima kwa kidole kabla ya treni kuondoka.

Utaratibu huu ni wa tangu enzi za treni za mvuke. Jicho, mkono, mdomo na sikio hushika jambo moja, akili isipate mwanya wa kutangatanga. Jaribio la watafiti wa reli wa Japani mwaka 1994 lilionyesha makosa yakipungua kwa karibu asilimia 85. Nawavulia kofia wafanyakazi hawa. Hawaoni haya kutamka waziwazi wanachokijua tayari, kwa ajili ya abiria waliosinzia vitini.