USIGUSE: Mtoto, Kioo na Kimondo

Ndugu msomaji, ukurasa huu umezoea kuhakiki riwaya na diwani. Leo niruhusu nihakiki makumbusho. Usishangae. Makumbusho nayo ni simulizi: yana msimulizi, yana mpangilio, na yana msomaji. Swali langu ni moja tu. Je, msomaji huyo akiwa mtoto wa miaka saba aliyeletwa na wazazi wake, anatoka na nini?

Wenzetu wa Marekani walianza kulijibu zamani. Mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Mkwawa kujiua ili asikamatwe na Wajerumani, makumbusho ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer akafungua Exploratorium kule San Francisco, ambako mgeni hujifunza sayansi kwa kuzungusha na kusukuma vitu mwenyewe, mtoto na mzazi pamoja.

Huku Nyanda za Juu Kusini sijaona jumba la namna hiyo. Lakini tusianze kulia, jamani. Tushike barabara ya Iringa kwenda Mbeya tuone tulicho nacho.

Iringa mjini ipo Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa makumbusho mwaka 2016. Nje kidogo ya mji ipo Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, na huko limehifadhiwa fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Fuvu limo ndani ya kioo, nami sina ugomvi na kioo hicho. Yule ni mzee wa watu, si kitu cha kuchezea. Pale mtoto afundishwe kusimama kimya na kusikiliza.

Ukifika Isimila, kilomita kama 20 kutoka Iringa, mambo yanabadilika. Kuna mashoka ya mkono ya mawe, yaliyochongwa na watu wa kale ambao wataalamu wanakadiria waliishi miaka kama 260,000 iliyopita. Shoka lile lilichongwa likae kiganjani. Uzito wake na makali yake ndiyo habari yenyewe. Kumwonyesha mtoto shoka la mkono bila kumpa alishike ni kumlisha kwa macho.

Halafu nenda Mbozi, zamani Mkoa wa Mbeya, na tangu 2016 Mkoa wa Songwe. Pale kuna Kimondo, bonge la chuma la kama mita tatu, linalokadiriwa kuwa na tani 12. Nilikwenda na dada, shemeji na watoto wao. Mpwa wangu mdogo aliweka kiganja, akagonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. "Mjomba, hili si jiwe. Linalia kama sufuria!" Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni chuma. Shemeji, aliyelalamikia bei ya mafuta njia nzima, naye alikuwa amepiga magoti anagonga upande wa pili. Baba na mwana wakabishana: kilifikaje hapa bila kuvunjika? Huo ndio usomaji ninaoutaka mimi.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja wanayo. Kimondo chenyewe kina makovu ya watu waliokikata vipande waende navyo. Na kila mgeni wa Isimila akitia shoka moja mfukoni, wajukuu zetu watakuta makorongo matupu. Mkono unafundisha, lakini mkono huohuo unaiba.

Basi dawa ni nakala. Shoka halisi likae kiooni, na mezani pawe na ya kuiga, yaliyochongwa na fundi wa hapahapa, watoto wayashike mpaka wachoke. Pawe na kinu na mchi, pawe na jiwe la kusagia, bibi amwonyeshe mjukuu namna ya kulitumia. Hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji mtu anayeamini kwamba mtoto ana akili vidoleni pia.

Na sisi tunaotaka kuandika riwaya tusijifanye watazamaji. Shuleni tulikariri: Lugalo, 1891, Wahehe wakalishinda jeshi la Zelewski. Mtihani ukapita, na Lugalo ikapita nao. Sasa tunashika kalamu na kuandika vilevile: tarehe, jina, ushindi, nukta. Mkuki hauna uzito, vumbi halimwingii mtu machoni, hakuna anayetetemeka nyuma ya kichaka. Tumemweka shujaa kiooni tukabandika kibao cha USIGUSE, kisha tunalalamika kwamba vijana hawasomi.

Kwa mtazamo wangu, hadithi ya kihistoria ndiyo nakala ile ya mezani. Haimgusi marehemu, haiibi kitu, lakini inampa msomaji kitu cha kushika. Anayebisha achukue kalamu, kurasa ziko wazi.