NANI ALIHESABIWA? Tahakiki ya Takwimu za Vifo vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki

Takwimu za vita huonekana kama jambo lisilobishaniwa. Msomaji huikuta tarakimu kitabuni, huiamini kwa sababu ni tarakimu, kisha hufungua ukurasa unaofuata. Lakini kabla ya mtu kuhesabu maiti, hana budi aamue kwanza ni maiti zipi zinazostahili kuhesabiwa, na uamuzi huo ni wa kisiasa kabla haujawa wa kihesabu. Katika makala haya tunakusudia kulichambua jambo hilo kwa mfano wa Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki, ambapo mabeberu wa Uingereza, Ujerumani, Ubelgiji na Ureno walipigania makoloni juu ya migongo ya watu wa makoloni yenyewe.

Tuanze na jeshi. Kwa upande wa Uingereza, kumbukumbu rasmi zinaonyesha kwamba askari zaidi ya 11,000 walikufa katika mapigano haya, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hesabu hiyo ilitunzwa vizuri kwa kadiri, maana kila askari alikuwa na namba, kikosi na mshahara. Lakini jeshi hilo lilitembea kwa miguu ya nani? Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, na barabara za magari zilikuwa chache. Basi mizigo ya chakula na risasi ilibebwa na wanadamu. Katika miaka yote ya vita, wapagazi wapatao milioni moja walipita katika utumishi wa Waingereza. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi alipelekwa kwenye mabonde ya joto na malaria, akabebeshwa mzigo wa kilo 25 hivi, akapewa posho pungufu ya unga asiouzoea na asiokuwa na nafasi ya kuupika ukaiva. Matokeo yake yalikuwa kuhara damu, homa ya mapafu na kifo.

Hesabu rasmi za mwanzo zilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Watafiti waliokuja baadaye, wakipekua majalada ya serikali hiyo hiyo ya kikoloni, walifikia kiasi cha 95,000. Maana yake ni kwamba kwa kila askari mmoja aliyekufa upande wa Uingereza, walikufa wapagazi zaidi ya wanane. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ilitoka wapi? Mpagazi aliyerudishwa kwao mgonjwa akafia njiani hakuwa tena mikononi mwa jeshi. Aliyepotea porini aliandikwa kuwa ametoroka. Aliyeandikishwa kwa jina moja tu, tena likaandikwa ovyo na karani asiyejua lugha yake, hakuweza kutambulikana tena.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Mpagazi hakuitwa askari, kwa sababu hakupewa bunduki. Wala hakuwa raia anayekaa kwake kwa amani, kwa sababu katika eneo ambalo leo ni Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu achukuliwe kwa nguvu na kuwekwa chini ya amri za jeshi. Katika daftari aliitwa mfuasi tu. Kwa hiyo, mgawanyo wa vifo katika "vya wanajeshi" na "vya raia", ambao vitabu vingi huufuata bila kuuhoji, ulimwacha mpagazi katikati, mahali ambapo hakuna aliyelazimika kumhesabu.

Hata kaburi lake lilifutwa. Gavana Horace Byatt wa Tanganyika aliona afadhali makaburi ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi porini upesi. Mwaka 1927 ilisimamishwa Dar es Salaam Sanamu ya Askari, lakini majina ya wapagazi hayakuandikwa popote. Umma wenyewe ndio uliohifadhi kumbukumbu katika lugha: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, likitamkwa kwa vinywa vyetu.

Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kati ya tarakimu hizo mbili pana pengo la watu 234,000. Dola iliyojua kuhesabu kila kibanda ili kitozwe kodi haikuona haja ya kuwahesabu waliokufa kwa amri yake. Upana wa pengo hilo wenyewe ni ushahidi.

Wajerumani nao wasipewe nafuu. Jenerali Lettow-Vorbeck amesifiwa kwa miaka mingi kwa kutosalimu amri hadi Novemba 25, 1918, huko Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia. Sifa hizo hazisemi kwamba safu zake ziliishi kwa kuchukua nafaka, mifugo na watu wa vijiji zilikopita. Katika Ugogo majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, chakula na vijana. Ukame ulipokuja haukukuta akiba. Njaa hiyo, iliyoitwa Mtunya, inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 kati ya 150,000. Kisha yakaja mafua makuu ya 1918, yaliyosafiri kwa meli, kwa reli na pamoja na wanajeshi na wapagazi waliorudi makwao. Mwanahistoria John Iliffe amekadiria kuwa yaliua watu kati ya 50,000 na 80,000 katika Tanganyika. Katika takwimu nyingi za vita vifo hivi havimo. Vimeandikwa kwenye fungu la ukame na la maradhi, kana kwamba njaa ilishuka yenyewe.

Lakini tahakiki inayoishia kwa adui ni nusu ya tahakiki. Wapo wenzetu ambao, kwa hasira ya haki, huokota tarakimu kubwa kuliko zote na kuitangaza jukwaani. Chukua hesabu ya watu ya Wajerumani ya kabla ya vita, iliyozidi milioni 7, uitoe ile ya Waingereza ya mwaka 1921, milioni 4 na kidogo, utapata "vifo" milioni 3. Hesabu hiyo ni ya uongo: Rwanda na Burundi zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa Wabelgiji, na hesabu zote mbili zilikuwa makadirio ya watoza kodi. Vivyo hivyo, mtu aliyedhoofishwa na njaa akamalizwa na mafua anaweza kuhesabiwa mara mbili. Tarakimu iliyotiwa chumvi humpa mpinzani nafasi ya kuikanusha, na akishaikanusha huizika pamoja na ukweli wote.

Kwa hiyo kada au mwanafunzi anapokutana na takwimu ya vita, iwe ya nchi yoyote, aiulize maswali manne. Nani aliyehesabu, na kwa faida gani? Nani aliyeingizwa katika hesabu na nani aliyeachwa nje? Mipaka ya nchi na ya miaka iliwekwa wapi? Na tarakimu ya chini na ya juu ni zipi, na kila moja inatokana na ushahidi gani? Asiyeweza kujibu aseme "inakadiriwa", ataje tarakimu zote mbili, na asione haya.

Kazi hii haijakwisha. Katika majalada ya malipo na katika simulizi za koo zetu bado yamo majina. Kila jina litakalothibitishwa litapunguza pengo lile, na litamrudisha katika historia mfanyakazi aliyebeba vita isiyokuwa yake.