Visiwa Vinavyosomwa kutoka Sitahani

Katika vitabu vingi kisiwa ni mahali pa kufika. Huandikwa na mtu aliyeshuka chomboni, akatazama, kisha akapanda tena chomboni. Sisi tuliozaliwa visiwani tumezoea kusomwa hivyo, na kwa hivyo msomaji wa pwani anayo haki ya kuuliza swali ambalo wahakiki wa bara aghalabu hulipita: mwandishi huyu alikaa muda gani, na alimwuliza nani?

Nimekusudia kuliuliza swali hilo juu ya visiwa vya Galápagos, vilivyomo katika bahari ya Pasifiki, yapata kilomita 1,000 kutoka pwani ya Ekwado, nchi inayovimiliki tangu mwaka 1832. Umaarufu wao ni wanyama wao: kobe wakubwa wanaoishi zaidi ya miaka mia, iguana wanaopiga mbizi kula mwani, pengwini wanaokaa kwenye Ikweta, na ndege wasiomkimbia mwanadamu. Wageni wanaokwenda kwa meli za msafara huchukuliwa katika vyombo visivyozidi abiria 100. Huteremshwa kwa vimashua ambavyo wenyeji huviita panga (msomaji asishtuke, hazikati), wakatembezwa saa mbili tatu juu ya njia iliyowekewa alama, watu wasiozidi 16 kwa kiongozi mmoja, na hairuhusiwi kumkaribia mnyama chini ya mita 2. Tangu Agosti 2024 mgeni mzima kutoka nchi nyingi hulipa dola 200 mlangoni. Vitabu vilivyoandikwa juu ya visiwa hivi ni vingi, lakini vitatu vimesimama hasa mahali anaposimama abiria wa leo, yaani sitahani: cha Charles Darwin cha mwaka 1839, michoro ya Herman Melville ya mwaka 1854, na riwaya ya Kurt Vonnegut ya mwaka 1985.

Darwin alikaa huko wiki tano, Septemba na Oktoba 1835, na akashuka katika visiwa vinne tu. Mtu akimsoma bila ya heshima ile tuliyofunzwa, atakuta kijana wa miaka 26 asiyeipenda nchi hiyo hata kidogo. Anaiona nyeusi, kavu, yenye joto la tanuri. Iguana anawaona wabaya wa sura. Kobe anawapanda mgongoni na kuwagonga gamba ili waende. Mimi naipenda sehemu hiyo ya kitabu kuliko sehemu zake mashuhuri, kwa kuwa haina unafiki: anaandika alichokiona, na alichokila pia. Walakini jambo kubwa kupita yote katika sura hiyo hakuliona yeye. Aliambiwa. Kaimu gavana wa wakati huo, Nicholas Lawson, aliyekuwa akikaa kisiwani Floreana pamoja na watu mia mbili tatu waliohamishiwa huko, wengi wao wafungwa wa kisiasa, alimweleza kwamba kobe wa kila kisiwa wana umbo lao, na kwamba yeye akiletewa kobe aweza kusema ametoka kisiwa gani. Darwin mwenyewe anakubali kitabuni kwamba kwa muda hakuyatilia maneno hayo uzito wa kutosha. Kwa maneno mengine, elimu iliyokuja kuitikisa dunia ilikuwa ikizungumzwa na mkaazi ilhali mgeni amekaa juu ya kobe. Wanaoandika juu ya safari hiyo hupenda kumtaja Darwin na ndege wake. Lawson humpa mstari mmoja, wakimkumbuka.

Melville alipita huko mwaka 1841, akiwa baharia wa miaka 22 katika meli ya kuwinda nyangumi, Acushnet. Miaka kumi na mitatu baadaye akachapisha michoro kumi katika jarida moja la New York, kwa jina la kubuni, akaiita The Encantadas. Hapa ndipo mfasiri anapokwama, na kukwama kwenyewe kuna faida. Mabaharia wa Kispania waliviita visiwa hivyo kwa jina hilo kwa sababu ya mikondo na shwari na ukungu: nahodha akikiona kisiwa jioni, asubuhi hakioni, akadhani ni ardhi inayotembea. Neno lao lina maana mbili, uchawi na uzuri. Watangazaji wa utalii wameichukua ya pili peke yake, wakatupa visiwa vya kupendeza. Melville aliichukua ya kwanza. Nimejaribu «vilivyorogwa», likawa zito mno, maana kwetu aliyerogwa ana aliyemroga, na hapo pana kesi. Nimejaribu «vya ajabu», likawa halina uzito. Neno lililobaki ni mazingaombwe, na naliona linafaa kuliko hata la asili, kwani mazingaombwe ni kazi ya macho: kosa liko kwa mtazamaji, si kwa kitu kinachotazamwa.

Mchoro wa pili ndio kiini cha kitabu. Melville anasema kuwa kobe ana pande mbili, mgongo mweusi na tumbo lenye rangi ya kung'ara, na kwamba mtu aweza kumgeuza autazame upande ule mzuri, lakini asidai kuwa upande mweusi haupo. Msomaji anadhani amepewa hekima ya kutia kwenye shajara. Kisha usiku unaingia, kobe watatu wakubwa waliopakiwa wanasikika wakijikokota juu ya sitaha, wakigonga vitu bila ya kukengeuka, na msimulizi, kitandani mwake, anawafikiria kama viumbe wa zamani za zamani wanaostahili kunyenyekewa. Siku ya pili yake anakaa na wenzake, anawala. Magamba yanageuzwa mabakuli ya mchuzi. Hakuna sentensi ya toba, wala ya mzaha. Kipande hicho ni kifupi na kimepangwa kwa ubaridi ambao sijauona kwa mwandishi mwingine wa safari: staha na njaa katika mtu mmoja, bila ya moja kulifuta jengine.

Na haikuwa njaa ya meli moja. Kobe hao waweza kukaa miezi mingi katika ngama bila ya chakula wala maji, na kwa sababu hiyo tu maharamia na wawinda nyangumi waliwafanya ghala la nyama hai. Inakadiriwa kuwa waliochukuliwa walikuwa kati ya 100,000 na 200,000. Kobe wa Floreana, wale ambao Lawson aliwatambua kwa umbo, walikwisha kisiwani mwao katikati ya karne hiyo hiyo. Wa kisiwa cha Pinta alibaki mmoja, dume aliyepatikana mwaka 1971, akafugwa, akapewa jina la George Mpweke, akafa tarehe 24 Juni 2012. Mchoro wa Melville ukisomwa baada ya habari hizo haubaki fumbo la falsafa. Ni hesabu ya jikoni.

Lakini utukufu wa kitabu uko katika mchoro wa nane, kisa cha Hunilla. Mwanamke huyu wa Peru aliteremshwa kisiwani na nahodha mmoja wa Kifaransa, pamoja na mumewe na nduguye, ili wakusanye mafuta ya kobe. Nahodha akaahidi kurudi. Hakurudi. Wanaume wakaunda chelezo kwenda kuvua, na wakafa maji mbele ya macho yake, kwa mbali, bila ya sauti yoyote kumfikia. Mumewe alirejeshwa na bahari akamzika, ndugu hakuonekana. Akawa anahesabu siku kwa alama juu ya mwanzi, hata zilipofika 180 akaacha. Wanaomwokoa wanamwuliza kwa nini aliacha, naye hasemi. Mashua za meli za nyangumi zilipita. Kilichotokea, Melville anakiziba kwa makusudi, na anatuambia kuwa anakiziba.

Nataka msomaji azingatie jinsi Hunilla alivyopatikana. Meli ile ilikuja kuchukua kobe, ikawapata, na ilikuwa tayari inang'oa nanga. Baharia mmoja, aliyekuwa amelewa kidogo, akaona kitu kinapepea mbali ufukweni. Wenzake hawakukiona. Lau si yeye, kisiwa kile kingebaki katika daftari la meli kuwa kisiwa kisicho na mtu. Ndiyo maana nasema kuwa huu ndio uhakiki mkali kuliko wote wa macho ya msafiri, na umeandikwa na msafiri mwenyewe. Melville ana dosari zake. Hunilla anafanywa sanamu ya subira, hana neno la uchungu ambalo halikupitia kinywani mwa wanaume, na mwisho anaonekana juu ya punda kwa namna inayotutaka tumkumbuke Masihi. Hapo kalamu imesukuma. Aidha mchoro wa tisa, wa yule mkaa-pweke mkatili Oberlus, unachosha. Hata hivyo mtu aliyeweza kuacha shimo pale panapostahili shimo, katika kisa cha mjane, alijua kazi yake.

Vonnegut anafaa kutajwa kwa kuwa riwaya yake ni ya meli ya utalii khasa. Safari inatangazwa kwa mbwembwe, majina ya watu mashuhuri yametiwa kwenye orodha ya abiria, uchumi wa dunia unaporomoka, na wenye njaa wa Guayaquil wanaipora meli hata kabla haijaondoka. Wachache wanaoponea wanakwama katika kisiwa cha kubuni, na baada ya miaka milioni kizazi chao kimekuwa wanyama wa manyoya, wavuvi, wenye ubongo mdogo na furaha zaidi. Dhihaka yake ni kali na mimi nimecheka. Ila wanaokuwa mama wa binadamu wote waliofuata ni wasichana sita wa kabila la msituni, Wakanka-bono, na hao ndio wasio na sauti, ilhali matajiri waliokufa wamesimuliwa kwa kurasa na kurasa. Mwandishi anajua kuwa dunia imewapuuza, kisha anawapuuza kwa ufundi.

Ama maandishi ya leo, yale ya vijitabu vya meli na ya majarida ya safari, yana neno moja yasiloliacha: kutoguswa. Ardhi isiyoguswa, ulimwengu kabla ya mwanadamu. Ukweli ni kwamba pana sehemu chache duniani zilizoguswa kwa mikono mingi kiasi hiki. Kati ya mwaka 1997 na 2006 waliondolewa mbuzi zaidi ya 100,000 kaskazini mwa Isabela na katika Santiago, wengi kwa kupigwa risasi kutoka angani kwa helikopta, kwa kuwa walikuwa wakiwamalizia kobe majani. Kobe wadogo huanguliwa na kulelewa vituoni kabla ya kurudishwa porini. Na watu wapo, zaidi ya 28,000, juu ya asilimia 3 ya ardhi iliyobaki nje ya hifadhi. Mgeni ayaonaye manyoya ya ndege kwa mita 2 anatazama matunda ya kazi ya watu waliolipwa na waliochoka. Kijitabu chake kinamwambia anatazama siku ya kwanza ya dunia. Hilo ndilo mazingaombwe lenyewe.

Sisemi hivi kwa kuichukia safari. Kanuni ile ya mita 2 naiona bora kuliko nyingi zilizoandikwa juu ya ushairi. Nalalamikia lugha, kwa sababu lugha hiyo hiyo imeshatufikia. Wakobe wakubwa wa Changuu, waliotokana na wanne walioletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, hutajwa katika matangazo kana kwamba wameota pale pamoja na mawe. Husemwa kuwa ukimwona kobe juu ya mti, ujue yuko aliyempandisha. Asili yao ni Aldabra, na Aldabra nayo ina waraka wake: mwaka 1874 kundi la wanasayansi lilimwandikia gavana wa Mauritius kuomba kobe hao wasimalizwe, na miongoni mwa waliotia saini alikuwamo Darwin, yule yule mpandaji wa zamani. Huyo ni kobe aliye karibu nasi kwa mwendo wa mashua wa nusu saa, ana gavana, ana barua, ana wezi pia, maana miaka ya 1990 waliibiwa hata wakabaki wachache mno. Sijauona utenzi juu yake. Nimeona mashairi mengi juu ya machweo.

Kisa cha Hunilla, kwa upande wake, kinangoja Kiswahili. Kingereza chake ni kizito na kina mikunjo, lakini mali yake yote sisi tunayo: chelezo, mwamba, shwari, mwanzi, kungoja chombo ambacho mwenyewe aliapa atakirudisha. Pagumu ni pamoja tu, pale anapowaacha mbwa wake ufukweni kwa sababu nahodha amemruhusu wawili kati ya kumi. Wanane wanakimbia kando ya maji wakilia, naye hageuki. Sijaamua bado kama niandike kuwa hakugeuka, au kwamba hakutaka kugeuka.